Gauni la Kale Huanzia Ndani: Ushonaji wa Mavazi ya Kihistoria Unavyofanya Kazi

Filamu au tamthilia ya enzi za kale ikitoka, mjadala ni ule ule. Huyu anasema mavazi ni sahihi, yule anakanusha. Mwigizaji analalamika kwamba koseti, vazi gumu la ndani linalofungwa kwa kamba kiwiliwilini, ilimnyima pumzi, na watazamaji wanahitimisha kwamba wanawake wa zamani waliishi wakizimia. Kisha yupo anayevutiwa. Ananunua hariri nzuri, anakata gauni la mwaka 1780 au 1860, anashona kwa uangalifu mkubwa, na akilivaa linamwangukia mwilini kama shuka lililotupwa juu ya kiti. Hajui alikosea wapi, maana mishono yote imenyooka.

Kosa haliko kwenye mishono. Gauni la siku hizi hufuata mwili jinsi ulivyo, ilhali gauni la kale huvalishwa juu ya mwili ambao tayari umepewa umbo na nguo nyingine zilizo chini yake. Ni kama hema: turubai likiwa la thamani kiasi gani, bila nguzo ni rundo la kitambaa. Anayeanza na gauni ameanza na turubai. Mkanganyiko mwingi kuhusu ushonaji huu, pamoja na hadithi nyingi za kutisha kuhusu koseti, unatokana na kutolijua hilo.

Tuanze na maneno

Vazi la maigizo ni nguo iliyoshonwa ili ionekane ya kale kutoka mbali, jukwaani au mbele ya kamera. Linaweza kuwa na zipu mgongoni na lisimkere mtu. Vazi la kihistoria, kwa maana ya wanaolishona kama burudani yao, ni nguo iliyoundwa kwa kufuata jinsi watu wa wakati fulani walivyokata, walivyoshona na walivyovaa. Ushonaji huu hauhusu Ulaya peke yake. Wapo wanaoshona hanfu za Uchina za enzi mbalimbali na kimono za kale za Japani. Makala haya yanatumia zaidi mifano ya Ulaya ya karne ya 18 na 19, kwa kuwa ndiyo yenye matabaka mengi na ndiyo inayozusha ubishi mwingi.

Neno linalogombaniwa zaidi ni “usahihi”. Ugomvi hupungua ukiligawa mara tatu. Kuna usahihi wa umbo: je, ukisimama mbali, kivuli chako kinafanana na cha mtu wa mwaka ule? Kuna usahihi wa vitu: je, kitambaa, uzi na vishikizo vilikuwepo wakati huo? Kuna pia usahihi wa kazi, yaani kama mishono imepita njia ile ile waliyoipitisha mafundi wa zamani. Mtu anaweza kuchagua mmoja na kuacha mwingine. Umbo sahihi lililoshonwa kwa cherehani na pamba ya kawaida hushawishi macho kuliko hariri ghali yenye mishono ya mkono na umbo la kubahatisha. Kwa anayeanza, umbo litangulie.

Jambo la pili la kuweka sawa mapema ni mwaka. “Gauni la karne ya 19” halina maana ya kutosha kwa fundi. Gauni la 1810 lina kiuno chini tu ya matiti na sketi nyembamba. La 1860 lina kiuno mahali pake na sketi pana kama kuba. La 1885 limebana mbele na kubinuka nyuma. La 1895 lina mikono iliyofura mabegani. Hayo ni maumbo manne yenye nguo za ndani tofauti, na hakuna koseti moja itakayoyatumikia yote. Chagua muda usiozidi miaka mitano hadi kumi, kisha ubaki humo.

Shimizi, kazi ya kwanza

Vazi linalogusa ngozi ni shimizi. Kwa karne nyingi lilishonwa kwa kitani, kwa sababu kitani hunyonya jasho, hukauka haraka, na hustahimili kuchemshwa na kusuguliwa. Hapa panapatikana jibu la uvumi kwamba watu wa zamani walikuwa wachafu kwa kuwa hawakufua magauni. Gauni la hariri halikufuliwa kwa sababu halikugusa mwili. Kilichofuliwa ni shimizi, kama vile unavyofua foronya mara kwa mara na kuuacha mto.

Shimizi ya karne ya 18 ni shule nzuri kwa sababu haina mkato wa mviringo isipokuwa shingoni. Andaa mita 2.5 hadi 3 za kitani chepesi chenye upana wa sentimita 140 au 150. Kabla ya kukata, kifue kwa maji ya moto na kukipiga pasi kikiwa bado na unyevu. Kitani kinaweza kupungua hadi sehemu moja ya kumi, na anayeruka hatua hii hugundua baada ya kufua mara ya kwanza kwamba mikono imepanda juu ya viwiko.

Mbele na nyuma hukatwa kama kipande kimoja kirefu kinachopita begani bila mshono. Ubavuni huongezwa pembetatu ndefu ili pindo liwe pana. Mikono ni mistatili. Chini ya mkono huwekwa kikwapa, kipande cha mraba chenye pande za sentimita 12 hadi 14. Kipande hiki kidogo hufanya kazi kubwa. Kikigeuzwa kona kwa kona, uzi wake hukaa hanamu, yaani kimshazari, na kitambaa kilichokaa hanamu huvutika. Kwa hiyo mkono unapoinuliwa, kikwapa hufunguka na shimizi haipandi wala haipasuki.

Kona za kikwapa ndipo wanaoanza huharibu. Usishone mpaka ukingoni. Anza na kumalizia sentimita moja ndani ya kona, na uunganishe kikwapa na mkono kwanza kabla ya kugusa ubavu. Ukishona mpaka mwisho, kona hujikunja, nguvu zote hukusanyika kwenye nyuzi mbili tatu, na hapo ndipo pa kuchanika.

Mkato huu wa mistatili na pembetatu una sababu yake. Zamani kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya mikono, hivyo fundi alipanga vipande ili asibakize kitu. Hali ni hiyo hiyo kwenye kimono: jora moja lenye upana wa takriban sentimita 36 na urefu wa kama mita 12 hukatwa vipande vilivyonyooka, na karibu kila sehemu ya jora hutumika.

Koseti na yanayosemwa juu yake

Juu ya shimizi ndipo huja koseti. Haivaliwi juu ya ngozi tupu, na matukio ya filamu yanayoionyesha hivyo yamechangia sana kuifanya ionekane chombo cha mateso. Bila shimizi katikati, chochote kigumu kilichofungwa kwa kamba kitakwaruza na kuchubua.

Koseti zenyewe si za aina moja. Za karne ya 18 huugeuza mwili kuwa kama faneli: zinainua kifua, zinakilaza kuwa bapa, zinanyoosha mgongo. Kazi yake kubwa si kupunguza kiuno. Za katikati ya karne ya 19 na kuendelea ndizo zenye mkato wa kuingia kiunoni na kutoka nyongani. Zote mbili hufanya kazi nyingine isiyosemwa sana: hubeba uzito wa sketi. Magaguro, yaani sketi za ndani, kadhaa yaliyofungwa kwa kamba nyembamba juu ya kiuno kitupu hukata nyama. Yakifungwa juu ya koseti, uzito husambaa.

Vipi kuhusu viuno vya sentimita 40 tunavyovisikia? Vipo vitu vitatu vya kukumbuka. Kwanza, koseti nyingi za kale zilivaliwa zikiwa na uwazi mgongoni, kwa hiyo anayepima koseti iliyo kwenye kabati la makumbusho ikiwa imefungwa kabisa anapima koseti, hapimi mtu. Pili, mafundi wa picha wa karne ya 19 walijua kurekebisha picha, na kiuno kilikuwa sehemu wanayopenda kuipunguza. Tatu, nguo zilizosalia haziwakilishi watu wote. Gauni la mtu mkubwa lilikuwa na kitambaa kingi cha kufumuliwa na kushonewa nguo nyingine, na dogo halikuwa na mrithi, likabaki sandukuni. Walikuwepo waliojibana kupita kiasi, na madaktari wa wakati ule waliwakemea, lakini hao hawakuwa kipimo cha wote. Ama habari ya wanawake kutolewa mbavu, haina ushahidi. Daktari mpasuaji Joseph Lister alichapisha mbinu zake za kuzuia maambukizi ya upasuaji mwaka 1867. Kabla ya hapo kufunguliwa kifua kwa ajili ya urembo kungekuwa karibu sawa na kujiua.

Kiuno chembamba kilitengenezwa zaidi kwa udanganyifu wa macho, na fundi wa leo anapaswa kuupenda udanganyifu huo. Weka vijalizo vya pamba nyongani na kifuani, panua mabega, panua sketi, na kiuno kile kile kitaonekana kimepungua bila kubanwa hata sentimita moja.

Sasa vipimo. Chukua kiuno cha sentimita 80. Kikibanwa kwa kiasi kinachovumilika siku nzima, kitakuwa kama 75. Koseti inahitaji uwazi wa sentimita 5 mgongoni ili kamba ziwe na nafasi ya kuvuta. Kwa hiyo koseti yenyewe, ukingo hadi ukingo, iwe 70. Wengi hupima mwili na kushona koseti ya kipimo kile kile cha mwili, kisha hushangaa kwamba kingo zinakutana siku ya kwanza na koseti inazunguka mwilini kama pipa. Kitambaa nacho hulegea kidogo kikipata joto la mwili, na tatizo huongezeka.

Usikate kitambaa cha kweli kabla ya nguo ya majaribio. Tumia amerikani nzito tabaka mbili, shona mifereji michache tu, tia vijiti, toboa matundu ya mgongoni kwenye ukanda imara, ufunge kamba na kukaa. Ndiyo, kaa kwenye kiti. Koseti ndefu mno mbele hugonga mapaja na kupanda hadi kidevuni, na huwezi kuligundua hilo ukiwa umesimama.

Vijiti vya ndani zamani vilikuwa vya kile kinachoitwa mfupa wa nyangumi, ambao si mfupa. Ni sahani zinazoning'inia kinywani mwa nyangumi asiye na meno, za kuchujia chakula, na zimeumbwa kwa kitu kile kile cha kucha na nywele. Ndiyo maana zililainika kwa joto na kufuata mwili wa aliyevaa. Leo kuna vijiti vya plastiki vinavyoiga tabia hiyo, kuna chuma bapa, na kuna chuma kilichosokotwa kinachopinda pande zote. Wanaojifunza hutumia hata vibano vipana vya plastiki vya kufungia nyaya, na si vibaya kwa koseti ya kwanza ya karne ya 18. Kwa kijiti cha upana wa milimita 5, mfereji uwe wa 6 hadi 7, kwa kuwa unene wa kijiti nao unakula nafasi. Shona mfereji mmoja kwenye kipande cha ziada ujaribu kwanza. Kata kila kijiti kikiwa kifupi kuliko mfereji kwa milimita 5 hivi, iviringishe ncha na uipige tupa. Ncha yenye kona itatoboa kitambaa ndani ya siku chache.

Matundu ya kamba yanahitaji uvumilivu. Pete za chuma zilianza kutumika katika miaka ya 1820, hivyo kwenye koseti ya 1780 matundu hushonwa kwa mkono. Siri yake ni kutokata. Chukua chuma chembamba chenye ncha, sukuma nyuzi za kitambaa zijitenge, panua polepole, kisha zungushia uzi imara kwa kushona kwa kuzunguka. Nyuzi zilizosukumwa bado ni nzima na zinashikilia. Zilizokatwa hufumuka kamba inapovutwa. Acha sentimita 2 hadi 2.5 kati ya tundu na tundu. Karne ya 18 walipitisha kamba moja kwa mzunguko, kama waya wa daftari, na ndiyo sababu matundu ya upande mmoja hayakabiliani sawasawa na ya upande wa pili. Ukiyapanga yakabiliane halafu ukapitisha kamba kwa mzunguko, upande mmoja wa koseti utapanda juu.

Magaguro, pete na mwavuli

Sketi pana nayo inahitaji nguzo. Katika miaka ya 1840 na mwanzoni mwa 1850, upana ulipatikana kwa kuvaa magaguro juu ya magaguro, mengine yakiwa yamekazwa kwa kitambaa chenye manyoya ya farasi. Jina la krinolini, vazi la ndani la kutanua sketi, lilitoka hapo: kwa Kifaransa *crin* ni manyoya hayo. Mwaka 1856 zikapewa hataza krinolini za pete za chuma. Watu wakiziona leo hudhani ni ngome nzito. Ukweli ni kwamba ziliupokea mzigo: kizimba kimoja chepesi cha chuma kilichukua nafasi ya magaguro kadhaa, na miguu ikapata uhuru. Ni mwavuli bila kitambaa. Hatari yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa moto. Sketi pana ya pamba nyepesi iliyopita karibu na meko iliwaka kabla mvaaji hajahisi, na hewa iliyokuwa chini yake ilichochea.

Anayeitengeneza ahakikishe mambo machache. Pete ya chini isikaribie sakafu. Iachie sentimita 20 au zaidi, ama sivyo itanasa mguu kwenye ngazi. Pete za juu zibaki wazi mbele ili uweze kuingia. Umbali kati ya pete na pete ukizidi sentimita 12 hivi kwenye sehemu ya chini, ncha ya kiatu hupenya na kukuangusha. Juu yake vaa angalau gaguro moja lenye marinda pindoni. Bila hilo, pete huonekana kwenye gauni kama mbavu.

Karne ya 18 mambo ni mepesi zaidi. Kwa gauni la kawaida la 1780, kijalizo cha nyuma kilichofungwa kiunoni na magaguro mawili vinatosha. Kila gaguro lina duara la mita 2.5 hadi 3, limekunjwa mikunjo mbele na nyuma kwenye tepe mbili tofauti, na ubavuni limeachwa wazi. Uwazi huo si uzembe. Mifuko ya wanawake ilikuwa vifuko viwili vilivyofungwa kiunoni kwa utepe chini ya gaguro, na mkono ulipenya ubavuni kuvifikia. Vilikuwa vikubwa vya kutosha kubeba mkasi, kitambaa cha mkono na chakula cha njiani.

Hatimaye gauni

Sheria moja haina msamaha: vipimo vya gauni huchukuliwa ukiwa umevaa shimizi, koseti na magaguro yake. Koseti hupandisha kifua kwa sentimita kadhaa, hubadilisha urefu wa mgongo na hukiweka kiuno mahali pengine. Anayeshona gauni kwanza na koseti baadaye hufumua karibu kila mshono.

Sehemu ya juu ya gauni la karne ya 19 hujengwa kwa kuiambatanisha bitana na kitambaa cha nje tangu mwanzo. Kila kipande cha hariri hupigwa bandi juu ya kipande chake cha pamba imara, kisha viwili hivyo hushonwa kama kimoja. Leo mafundi wengi hushona bitana kivyake na kuigeuzia ndani, na gauni la kale likishonwa hivyo huvutika vibaya, kwa kuwa hariri ndiyo inayobeba nguvu zote. Ikipigwa bandi juu ya pamba, pamba hubeba na hariri hupendeza tu. Ukanda mgumu wa kiunoni, uliotiwa nanga kwenye mishono kwa ndani na kufungwa kabla ya gauni lenyewe, huzuia lisipande na huondoa mvuto kwenye kulabu za mbele.

Mahali panapowachanganya wengi ni tundu la mkono. Mkono ukibana, hisia ya kwanza ni kulipanua tundu kwa chini. Fanya hivyo na hali itakuwa mbaya zaidi. Tundu kubwa huanza chini ubavuni, kwa hiyo kuinua mkono ni kuinua ubavu mzima wa gauni. Tundu dogo lililo juu karibu na kwapa huuacha mkono uzunguke peke yake huku kiwiliwili kikitulia. Angalia gauni lolote la miaka ya 1870: matundu ni madogo, mishono ya mabega imerudi nyuma, vipande vya mgongo ni vyembamba mno katikati, na mvaaji bado aliweza kuchana nywele zake. Rekebisha upana wa mkono sehemu ya juu, ongeza kina nyuma ya mkono, na lile tundu uliache.

Zipu haina nafasi katika karne hizi. Gideon Sundback aliunda kifungio kilichozaa zipu ya leo mwaka 1913, na kwenye magauni ilienea miaka ya 1930. Kabla yake kulikuwa na kamba, vifungo, kulabu na vitanzi. Magauni mengi ya karne ya 18 yalifungwa mbele kwa pini za kawaida, zilizochomekwa kwa kulala sambamba na kitambaa na kuingia kwenye koseti. Hazichomi, kwa sababu koseti ipo katikati.

Kitambaa, uzi na cherehani

Nyuzi za zamani ni nne: kitani, sufu, hariri na pamba. Nailoni ilitengenezwa kwenye maabara mwaka 1935, poliesta mwaka 1941. Tatizo la poliesta si tarehe yake peke yake. Haipitishi hewa, na ukivaa matabaka matano hilo si jambo dogo. Isitoshe, haikubali pasi: mikunjo hukataa kulala, na kichwa cha mkono hukataa kufinywa kikae mviringo. Sufu huukubali mvuke kama udongo unavyoukubali mkono wa mfinyanzi.

Lebo za dukani hukosea, kwa hiyo jifunze jaribio la moto. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo ndogo juu ya bakuli la maji, ziwashe. Kitani na pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha kitu cheusi kinachosagika. Poliesta huyeyuka na kuwa shanga ngumu. Kitambaa kilichochanganywa hutoa dalili mbili kwa pamoja.

Rangi nazo zimesingiziwa. Si kweli kwamba watu wa kale walivaa kahawia na kijivu tu. Mimea na wadudu walitoa bluu, nyekundu na manjano zinazowaka. Kilichobadilika mwaka 1856 ni mkemia William Henry Perkin kupata rangi ya zambarau kutokana na zao la lami ya makaa ya mawe, na baada yake zikaja rangi za viwandani ambazo gauni la 1780 lisingeweza kuwa nazo.

Je, cherehani inaruhusiwa? Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake 1846, Isaac Singer 1851, na kufikia miaka ya 1860 cherehani ilikuwa inashona magauni kwa wingi. Kwa hiyo anayeshona gauni la 1870 kwa mkono wote anafanya kazi ambayo fundi wa wakati huo angeipunguza kwa furaha. Kwa gauni la 1780 njia ya katikati inafaa: cherehani kwa mishono mirefu iliyofichika, mkono kwa pindo, shingo, matundu na kila kinachoonekana. Kushona kwa mkono hakuhitaji miujiza. Kata uzi usiozidi sentimita 50, upitishe kwenye nta ya nyuki usijisokote, vaa subana, na ulenge mishono mitatu hadi minne kwa sentimita. Uzi mrefu hauokoi muda. Hukwaruzika kila unapopita na hukatika katikati ya safari.

Ushahidi unapatikana wapi

Nguo zenyewe ni shahidi mkuu, na makumbusho makubwa yameweka picha zake mtandaoni: Victoria and Albert Museum ya London, Metropolitan Museum of Art ya New York, Kyoto Costume Institute ya Japani. Tafuta picha za ndani na za mgongoni, na za mbele ziwe za mwisho. Hata hivyo nazo zihojiwe. Magauni mengi ya karne ya 18 yalifumuliwa na kushonwa upya katika karne ya 19 kwa ajili ya sherehe za kuvaa kikale, hivyo kulabu za chuma kwenye gauni la 1770 huenda ni za mjukuu. Picha za kuchorwa zinaonyesha rangi na namna ya kuvaa, lakini wachoraji waliwavisha wateja wao mavazi ya kubuni walipotaka wafanane na miungu. Michoro ya mitindo hurefusha miguu na kufuta viuno.

Vigezo vya kukatia, ambavyo wengine huviita pateni, vilivyochukuliwa kutoka nguo halisi huchorwa kwa kipimo cha kupunguzwa, mara nyingi bila akiba ya mshono, na vinamfaa mtu mmoja aliyekufa zamani. Vikuze, uongeze akiba, kisha urekebishe kwenye nguo ya majaribio. Vigezo vya dukani vinavyoitwa vya kikale hukaguliwa kwa swali moja: vinadai uvae nini ndani? Kama jibu ni “hakuna”, hilo ni vazi la maigizo.

Kwa mtu anayeanza na umbo la 1780, mpangilio wa kazi ni shimizi, koseti, vifuko, kijalizo cha nyuma, magaguro mawili, kisha gauni la kitani au pamba linalohitaji mita 5 hadi 7 za kitambaa cha upana wa leo. Hariri isubiri gauni la pili.

Urefu wa sketi ya gauni hilo hauamuliwi pindoni. Mazoea ya leo ni kufunga kiuno kwanza na kusawazisha pindo mwishoni kwa mkasi. Kwenye sketi zinazopita juu ya kijalizo ni kinyume. Pindo hukunjwa na kushonwa likiwa limenyooka, uzi wa kitambaa ukiwa sambamba na sakafu. Kisha mtu husimama amevaa kila kitu pamoja na viatu vyake, na msaidizi hupandisha kitambaa kiunoni kidogo kidogo, kingi mbele na haba nyuma, mpaka pindo lizunguke kwa kimo kimoja kutoka ardhini. Kinachozidi juu hakikatwi. Hukunjwa ndani ya kiuno na kushikizwa kwa mishono mikubwa, ili gauni liweze kurefushwa au kuvaliwa na mtu mwingine.